Valgrind

Valgrind ni programu huria inayotumiwa kukagua jinsi programu nyingine zinavyotumia kumbukumbu ya kompyuta. Hutumiwa hasa na waandishi wa programu zilizoandikwa kwa lugha za C na C++, ambamo mwandishi mwenyewe ndiye anayeomba kumbukumbu na ndiye anayepaswa kuirudisha. Valgrind haina madirisha wala vitufe vya kubofya. Huendeshwa na kupangwa kwa kuandika amri katika terminali.

Ndani ya Valgrind mna zana kadhaa. Inayojulikana zaidi ni Memcheck, ambayo hutafuta makosa ya kumbukumbu, na ndiyo inayofanya kazi iwapo mtumiaji hakutaja nyingine. Makala hii inaeleza zaidi Memcheck, machaguo yake, na namna machaguo hayo yanavyoamua ni makosa gani yataonekana na yapi yatabaki yamefichika.

## Jina

Jina Valgrind limetoka katika hadithi za kale za watu wa Skandinavia. Ni jina la lango kuu la Valhalla, ukumbi wa mashujaa waliokufa vitani. Sehemu ya mwisho hutamkwa kwa irabu "i" kama Kiswahili kinavyoisoma, wala si "graind" kama wengi wanaojua Kiingereza wanavyodhani.

## Historia

Valgrind ilianzishwa na Julian Seward, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kutunga bzip2, programu ya kubana faili. Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2002, likiwa la Linux kwenye prosesa za aina ya x86. Nicholas Nethercote alishiriki kuigeuza kutoka kikaguzi kimoja cha kumbukumbu kuwa msingi wa kujengea zana nyingi, kazi iliyokuwa pia sehemu ya utafiti wake wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 2006 Seward alipewa tuzo ya programu huria ya Google na O'Reilly kwa kazi yake juu ya Valgrind.

Valgrind husambazwa kwa leseni ya GPL. Kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa bila malipo. Jambo hili lina uzito kwa shule na vyuo, kwa kuwa zana ya kibiashara ya kazi hiyo iliyotangulia, Purify ya miaka ya 1990, ilikuwa ya kununua.

## Makosa yanayotafutwa

Programu ya C inapohitaji nafasi ya kuweka data huiomba kwa funksheni `malloc`, na inapomaliza huirudisha kwa `free`. Kati ya kuomba na kurudisha mna makosa manne ya kawaida:

* kusoma au kuandika nje ya nafasi iliyoombwa;
* kutumia nafasi ambayo imekwisha kurudishwa, au kuirudisha mara mbili;
* kutumia thamani isiyoanzishwa, yaani kusoma kibadilika kabla hakijapewa thamani yoyote;
* kutorudisha nafasi iliyoombwa, kosa linaloitwa mvujo wa kumbukumbu.

Ugumu wa makosa haya ni kwamba mara nyingi hayaonekani. Programu yenye kosa inaweza kutoa jibu sahihi kwenye kompyuta ya mwandishi na jibu potofu kwenye kompyuta ya mtumiaji. Inaweza pia kuendelea vizuri kwa wiki nzima kisha ikasimama ghafla, mahali palipo mbali na kosa lenyewe. Kuisoma programu kwa macho hakutoshi, na kuijaribu mara moja hakutoshi vilevile.

## Namna inavyofanya kazi

Valgrind haiiachi programu inayokaguliwa iende moja kwa moja kwenye prosesa. Huzichukua amri zake fungu kwa fungu, huzigeuza, huongeza ndani yake amri za ukaguzi, kisha huziendesha. Kwa sababu hiyo programu haihitaji kubadilishwa wala kuunganishwa na maktaba maalumu.

Memcheck hutunza hesabu mbili. Ya kwanza huonyesha, kwa kila baiti ya kumbukumbu, kama programu ina ruhusa ya kuigusa. Ya pili huonyesha, kwa kila biti, kama ina thamani iliyoanzishwa. Programu inapogusa baiti isiyo na ruhusa, onyo hutolewa papo hapo. Kwa thamani isiyoanzishwa hali ni tofauti. Kuinakili au kuijumlisha hakuleti onyo. Onyo hutoka pale thamani hiyo inapoathiri tendo la programu, kwa mfano inapoamua njia ya kufuata katika sharti la `if`. Bila utaratibu huo skrini ingejaa maonyo juu ya mambo yasiyo na madhara.

Gharama ya ukaguzi ni muda. Chini ya Memcheck programu huenda polepole kwa kiasi cha mara 10 hadi 30, hivyo kazi ya sekunde 10 inaweza kuchukua kati ya sekunde 100 na dakika 5. Kumbukumbu inayohitajika huongezeka pia, na ni vyema kulijua hilo mapema kama kompyuta ni ndogo.

## Kusakinisha na kuandaa programu

Kwenye Debian, Ubuntu na mifumo inayofanana nayo, Valgrind husakinishwa kwa amri moja:

    sudo apt install valgrind

Programu itakayokaguliwa inafaa kupitishwa kwenye kompaila kwa chaguo `-g`, ili iwe na taarifa za mistari ya msimbo. Pasipo `-g`, Memcheck itagundua makosa yaleyale lakini haitaweza kutaja faili wala mstari. Chaguo `-O0` huzuia kompaila kupangua msimbo kwa ajili ya kasi, na hivyo namba za mistari hulingana na kile alichoandika mwandishi.

## Umbo la amri

Umbo la jumla la amri ni hili:

    valgrind [machaguo ya Valgrind] ./programu [machaguo ya programu]

Mpangilio huu ni wa lazima. Kila kilichoandikwa kabla ya jina la programu ni cha Valgrind, na kila kilichoandikwa baada yake hukabidhiwa programu yenyewe. Anayeandika `valgrind ./programu --leak-check=full` hatapata ukaguzi kamili wa mivujo, kwa kuwa chaguo hilo limepelekwa kwa programu, ambayo huenda ikalipuuza bila kusema lolote. Wanaoanza hukosea hapa mara nyingi, na kosa ni gumu kuliona kwa sababu ripoti hutoka kama kawaida.

## Mfano

Tuchukue programu ndogo ya karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho huko Nyamwage, wilayani Rufiji, mkoa wa Pwani. Programu inajumlisha uzito wa magunia matano yenye kilo 80 kila moja. Faili inaitwa `korosho.c`:

    1   #include <stdio.h>
    2   #include <stdlib.h>
    3
    4   int main(void)
    5   {
    6       int i, jumla;
    7       int *kilo = malloc(5 * sizeof(int));
    8       for (i = 0; i <= 5; i++)
    9           kilo[i] = 80;
    10      for (i = 0; i < 5; i++)
    11          jumla = jumla + kilo[i];
    12      if (jumla > 300)
    13          printf("Jumla ni kilo %d\n", jumla);
    14      return 0;
    15  }

Namba za kushoto ni za kuhesabia mistari tu, si sehemu ya msimbo. Programu hii ina makosa matatu, na bado inaweza kuandika "Jumla ni kilo 400", ambalo ndilo jibu sahihi. Ikaguliwe hivi:

    gcc -g -O0 korosho.c -o korosho
    valgrind --leak-check=full --track-origins=yes ./korosho

Kila mstari wa ripoti huanza na namba ya mchakato iliyozungushiwa alama za usawa, mfano `==4127==`, ili maneno ya Valgrind yasichanganyike na maneno ya programu.

Kosa la kwanza huripotiwa kwa maneno `Invalid write of size 4`, pamoja na `korosho.c:9`. Maana yake ni kwamba mstari wa 9 umeandika baiti 4 mahali pasiporuhusiwa. Ripoti huongeza kuwa anwani hiyo iko baiti 0 baada ya nafasi ya baiti 20 iliyoombwa kwenye mstari wa 7. Chanzo ni alama `<=` katika mstari wa 8, iliyosababisha kuandikwa gunia la sita ambalo halina nafasi. Kwenye Linux ya biti 64 yenye maktaba ya kawaida ya C, anayeomba baiti 20 hupewa 24, na gunia la sita huangukia kwenye ziada hiyo. Ndiyo maana programu haisimami. Magunia yakiwa sita badala ya matano, nafasi iliyoombwa itakuwa baiti 24 kamili, ziada haitakuwapo, na kosa lilelile litaharibu kumbukumbu ya jirani.

Kosa la pili huripotiwa kwa maneno `Conditional jump or move depends on uninitialised value(s)` kwenye mstari wa 12. Kibadilika `jumla` hakikupewa sifuri kabla ya kujumlisha. Onyo linataja mstari wa 12, mahali thamani ilipotumika kuamua, na si mstari wa 6 ilikotoka. Chaguo `--track-origins=yes` ndilo linalosaidia kufika kwenye chanzo, kwa kueleza kuwa thamani hiyo imezaliwa katika steki ya `main`, yaani eneo ambamo funksheni huweka vibadilika vyake vya muda. Maonyo mengine ya aina hiyo yatatokea ndani ya `printf`, lakini yote ni matawi ya shina moja. Kibadilika kikiandikwa `jumla = 0`, hutoweka pamoja.

Kosa la tatu huripotiwa mwishoni: baiti 20 katika nafasi moja zimepotea kabisa, `definitely lost`. Mstari `free(kilo);` kabla ya `return` hulimaliza.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kurekebisha makosa kwa mpangilio wa ripoti, kuanzia la kwanza, na kuendesha ukaguzi upya baada ya kila rekebisho. Makosa ya baadaye mara nyingi ni matokeo ya yaliyotangulia.

## Machaguo muhimu

Memcheck hufanya kazi hata bila chaguo lolote, lakini ripoti ya chaguo-msingi ni fupi. Machaguo yafuatayo hutumika zaidi.

Mivujo. `--leak-check=full` hutaja kila mvujo na mahali nafasi ilipoombwa. Bila hilo hutolewa muhtasari tu. Mivujo hugawanywa katika aina nne: iliyopotea kabisa, iliyopotea kwa sababu kitu kinachoielekeza kimepotea, inayoshukiwa kupotea, na ile ambayo bado ina kielekezi hadi programu inapofungwa. Kwa kawaida aina ya kwanza na ya tatu ndizo hutajwa moja moja. Anayetaka zote huandika `--show-leak-kinds=all`.

Chanzo cha thamani. `--track-origins=yes` hutafuta mahali thamani isiyoanzishwa ilikozaliwa. Limezimwa katika chaguo-msingi kwa kuwa huongeza uzito wa kazi.

Urefu wa msururu. `--num-callers=20` huonyesha hadi funksheni 20 zilizoitana kabla ya kosa. Chaguo-msingi ni 12, ambayo haitoshi kwa programu kubwa.

Faili ya ripoti. `--log-file=ripoti.%p.txt` hupeleka ripoti kwenye faili, na `%p` hubadilishwa kuwa namba ya mchakato. Hufaa pamoja na `--trace-children=yes`, ambayo hukagua pia programu zinazoanzishwa na programu ya kwanza.

Alama ya kutoka. `--error-exitcode=1` huifanya Valgrind irudishe namba 1 ikiwa imeona kosa. Pasipo chaguo hili hurudisha namba ya programu yenyewe, na hati ya majaribio ya kujiendesha itadhani mambo ni salama ingawa ripoti imejaa makosa.

Mpaka wa ulinzi na foleni. Memcheck huacha nafasi ya ulinzi pembeni mwa kila nafasi iliyoombwa, kwa chaguo-msingi baiti 16, na `--redzone-size` huibadilisha. Vilevile nafasi zilizorudishwa hazitolewi upya mara moja. Huwekwa katika foleni ya baiti 20,000,000, ambayo hupanuliwa kwa `--freelist-vol`. Kadiri foleni inavyokuwa ndefu, ndivyo matumizi ya nafasi iliyorudishwa yanavyonaswa hata yakichelewa.

Kujaza nafasi. `--malloc-fill=0xAB` na `--free-fill=0xCD` hujaza nafasi mpya na iliyorudishwa kwa baiti inayotambulika, ili kosa lililokuwa likijificha nyuma ya sifuri lijitokeze.

Taarifa kutoka mtandaoni. Katika matoleo mapya, baadhi ya mifumo huiruhusu Valgrind kupakua taarifa za mistari ya maktaba kutoka intaneti. Anayetumia bando dogo huzuia upakuaji huo kwa `--enable-debuginfod=no`.

## Mahali pa kuyahifadhi machaguo

Machaguo yanayotumika kila siku hayana haja ya kuandikwa upya. Valgrind huyasoma kwa utaratibu huu: kwanza faili `.valgrindrc` katika folda ya nyumbani ya mtumiaji, kisha kigezo cha mazingira `VALGRIND_OPTS`, kisha faili `.valgrindrc` katika folda ya kazi, na mwisho amri iliyoandikwa kwenye terminali. Chaguo likirudiwa, linalosomwa baadaye ndilo hushinda. Amri ya terminali kwa hiyo ina kauli ya mwisho.

Chaguo la zana moja linapowekwa katika faili au kigezo hicho hutanguliwa na jina la zana:

    --memcheck:leak-check=full
    --num-callers=20

Mstari wa kwanza ni wa Memcheck pekee, wa pili ni wa zana zote. Jina hilo likiachwa, zana nyingine zitakutana na chaguo zisilolijua na kukataa kuanza.

Kwa usalama, faili `.valgrindrc` ya folda ya kazi hupuuzwa ikiwa si mali ya mtumiaji husika au ikiwa kila mtu ana ruhusa ya kuiandika. Kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi, kama ile ya maabara ya chuo, sheria hiyo humzuia mtu kumtegea mwenzake machaguo.

## Kunyamazisha maonyo

Si kila onyo linahusu msimbo wa mwandishi. Mengine hutoka katika maktaba za mfumo ambazo hawezi kuzirekebisha. Kwa hali hiyo Valgrind inaruhusu faili ya kunyamazisha. Chaguo `--gen-suppressions=all` huandika, chini ya kila onyo, maneno yanayoweza kunakiliwa katika faili hiyo. Faili husomwa kwa `--suppressions=jina-la-faili`.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuiambia zana inyamaze na kuibadilisha programu ili zana inyamaze. Katika njia ya kwanza programu inabaki ilivyo, na uamuzi umeandikwa mahali unapoweza kusomwa na kupingwa. Katika njia ya pili programu yenyewe imebadilika, na badiliko lisilofahamika vizuri laweza kuleta madhara makubwa kuliko onyo.

### Kisa cha Debian, 2006–2008

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa OpenSSL, maktaba inayotumika kulinda mawasiliano ya intaneti. Sehemu ya OpenSSL ya kuzalisha namba nasibu ilikuwa na mistari miwili inayofanana ya kuchanganya data kwenye hazina ya unasibu. Kwenye mmojawapo iliruhusiwa data isiyoanzishwa ichanganywe pia, kwa makusudi. Memcheck na Purify zililalamika, kama ilivyotarajiwa kwa zana za aina hiyo. Wenye OpenSSL walikuwa wameweka njia ya kuuacha mstari huo wakati wa ukaguzi tu.

Mwaka 2006 mistari yote miwili iliondolewa katika OpenSSL ya Debian ili maonyo yakome. Maonyo yalikoma kweli. Lakini mstari wa pili ndio uliokuwa ukiingiza karibu unasibu wote. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ambayo wakati huo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Mtu aliyetaka kubahatisha ufunguo wa seva hakuhitaji miaka, kwani aliweza kuandaa orodha ya funguo zote zinazowezekana na kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Tatizo liligunduliwa na Luciano Bello na kutangazwa tarehe 13 Mei 2008. Liliwagusa pia watumiaji wa Ubuntu 7.04, 7.10 na 8.04, kwa kuwa Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Ubuntu, ambayo jina lake katika lugha za Kiafrika kusini mwa bara lina maana ile ile ya neno la Kiswahili "utu", ilikuwa ikitumwa kwa diski za bure kwa posta hadi nchi ambazo intaneti ilikuwa ghali. Kurekebisha maktaba hakukutosha. Kila ufunguo uliokuwa umetengenezwa kwenye mifumo hiyo katika kipindi hicho ulipaswa kutupwa na kutengenezwa upya.

Zana haikukosea katika kisa hiki. Ilisema kweli kwamba data haikuanzishwa. Haikuweza kusema kama hilo lilikuwa kosa, kwa sababu jambo hilo huamuliwa na anayeijua kazi ya msimbo.

## Matumizi

Valgrind imetumika katika kukagua programu nyingi zinazojulikana, zikiwemo Firefox, KDE, GNOME, MySQL, PostgreSQL na OpenOffice. Baadhi zimefika kwa wasemaji wa Kiswahili kwa lugha yao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, ambayo imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa C++. Anayetafsiri maneno ya menyu hahitaji kuigusa kumbukumbu, lakini anayerekebisha msimbo wa programu ya namna hiyo huihitaji zana kama Memcheck.

Umuhimu wa ukaguzi ni mkubwa zaidi katika programu za kisayansi. OpenMalaria, kwa mfano, ni programu huria ya C++ ya kuigiza maambukizi ya malaria, iliyoanzishwa na taasisi ya afya ya kitropiki ya Uswisi. Programu za namna hii hutumia namba nasibu, na matokeo hutofautiana kidogo kila mara hata pasipo kosa. Thamani isiyoanzishwa ikijipenyeza humo, tofauti inayoleta huweza kudhaniwa kuwa ya kawaida. Mtafiti hawezi kulitambua kosa kwa kuangalia majibu. Hulitambua kwa kukagua kumbukumbu.

## Zana nyingine ndani ya Valgrind

Zana huchaguliwa kwa `--tool`. Massif hupima ukubwa wa kumbukumbu inayoombwa kadiri muda unavyokwenda. DHAT huchunguza jinsi nafasi zilizoombwa zinavyotumika. Cachegrind na Callgrind hupima amri zinazotekelezwa na funksheni zinazoitana. Helgrind na DRD hutafuta makosa katika programu zenye nyuzi nyingi zinazoendeshwa kwa pamoja.

## Mipaka

Memcheck hukagua tu sehemu za msimbo zilizoendeshwa. Kosa lililo katika njia ambayo haikupitwa wakati wa ukaguzi halitaonekana. Kosa la Heartbleed la OpenSSL, lililotangazwa Aprili 2014, lilikuwa la kusoma nje ya nafasi halali, lakini lilijitokeza pale tu ujumbe wenye urefu wa uongo ulipopokelewa. Majaribio yasiyo na ujumbe wa namna hiyo yasingelifichua.

Memcheck haioni pia kuvuka mpaka katika safu zilizo kwenye steki au zilizotengwa tangu mwanzo wa programu, mradi anwani inayoguswa ni halali. Ripoti yenye makosa 0 kwa hiyo haithibitishi kwamba programu ni salama. Inathibitisha kwamba, kwa data iliyotumika na machaguo yaliyowekwa, hakuna kosa lililonaswa.

Valgrind hufanya kazi kwenye Linux, na pia kwenye FreeBSD, Solaris, Android na baadhi ya matoleo ya macOS. Haina toleo la Windows.

## Zana zinazofanana

Electric Fence ya Bruce Perens, ya mwaka 1987, huweka kila nafasi pembeni mwa ukurasa uliozuiwa, hivyo programu husimama mara tu inapovuka mpaka. Dmalloc ya Gray Watson ni maktaba inayochukua nafasi ya `malloc`. Ina amri yake ya kupangia machaguo, ambayo huyaandika katika kigezo cha mazingira `DMALLOC_OPTIONS`. Maktaba ya GNU ya lugha ya C nayo ina ukaguzi wake mwepesi.

AddressSanitizer, iliyotengenezwa na Google na kuelezwa mwaka 2012, huongeza ukaguzi wakati wa kompaila kwa chaguo `-fsanitize=address`, na hupangwa kwa kigezo `ASAN_OPTIONS`. Kasi hupungua kwa takriban mara 2 tu, na safu za steki hukaguliwa pia. Kwa upande mwingine programu hulazimika kupitishwa upya kwenye kompaila, na thamani zisizoanzishwa haizitafuti. Kwa sababu hiyo waandishi wengi hutumia zote mbili, AddressSanitizer katika kazi za kila siku na Memcheck kabla ya kutoa toleo jipya.